Je, Wajua? Lupanga si Mlima Mrefu, Liambie Goti Lako

Morogoro wenyewe wanauita mji kasoro bahari, na hawausemi kinyonge. Chakula kipo, reli ipo tangu 1907, muziki wa Mbaraka Mwinshehe ulitoka hapa, mlima upo. Pwani tu ndiyo iliyokosekana. Lakini simama stendi ya Msamvu asubuhi, utazame wingu lililokaa juu ya Lupanga. Maji yaliyomo humo yametoka Bahari ya Hindi, kilomita zisizofika 200 upande wa mashariki. Bahari nayo huja Morogoro kila wiki, ila huja ikiwa mvuke.

Milima ya Uluguru iko hivyo. Kila abiria wa basi la Dodoma au Iringa ameiona dirishani, ameisifia, kisha amerudi kwenye simu yake. Yafuatayo ni kwa yule anayewaza kushuka na kuipanda, na kwa yule asiyewaza kabisa ila anapenda kujua.

Je, wajua kwamba kupanda Lupanga kutoka mjini ni mwinuko mkubwa kuliko usiku wa mwisho wa Kilimanjaro?

Kilele cha Lupanga kina mita 2,138 juu ya usawa wa bahari. Kwa mizani ya Kilimanjaro hapo bado hujafika hata kambi ya Mandara, iliyo mita 2,720, na wapagazi wa Marangu wangekucheka ukiita hicho kilele. Tufanye hesabu kabla ya kucheka. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, hivyo siku ya kwanza mgeni hupanda chini ya mita 900, akala, akalala. Usiku ule unaoogopwa, wa kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, hadi Uhuru, mita 5,895, hauzidi mita 1,200 za kupanda. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi tu. Anayeanza mjini kwa miguu yake na kurudi siku hiyo hiyo amepanda mita 1,600 na kuzishuka zote, bila kibanda cha kulala katikati.

Kinachoitofautisha milima hiyo miwili ni hewa. Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar es Salaam, na kila hatua inadai pumzi tatu. Lupanga hewa inatosha. Wanaoshindwa hushindwa kwa miguu, tena mara nyingi wakati wa kushuka, pale goti linapogundua kwamba yale yaliyopandwa kwa mbwembwe asubuhi sasa yanalipwa.

Njia inaanzia mashambani. Unapita migomba, mahindi na maharage yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo mtu wa tambarare angeogopa hata kusimama. Humo utapishana na kina mama wanaoshuka na mizigo ya ndizi kichwani, wamevaa kandambili, wakikusalimia bila kuhema wakati wewe huwezi kuitikia. Ukifika mpaka wa msitu mambo yanabadilika ghafla: joto linakatika, udongo unakuwa mweusi na wenye utelezi, njia inasimama wima. Sehemu za juu unatumia mikono kuliko fimbo, maana ngazi pekee iliyopo ni mizizi ya miti.

Na kilele chenyewe? Majabali unayoyaona kutoka mjini yako ubavuni. Juu kabisa kumefunikwa na miti. Aliyetarajia kusimama juu ya mwamba mtupu, mikono angani, apigwe picha, atasikitika kidogo. Mandhari yanapatikana kwenye mianya, pale jabali lilipokata msitu: mji wote chini, bwawa la Mindu likimetameta, nyika ikienda kaskazini hadi macho yachoke. Ukitaka kilele chenye barabara nenda Bondwa, jirani yake, kulikojaa minara ya mawasiliano. Ni kirefu karibu sawa na Lupanga, lakini huwezi kukipenda kwa namna ileile.

Je, wajua kwamba Kilimanjaro ni mtoto mbele ya Uluguru?

Volkano ya Kilimanjaro ilianza kujijenga yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita, na kilele cha Kibo chenyewe ni kichanga zaidi. Miamba ya Uluguru ilipikwa ndani kabisa ya ardhi, kwa joto na mgandamizo mkubwa, zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, mabara yalipokuwa yakigongana na wanyama wenye mifupa hawajatokea popote duniani. Ndiyo maana ukikanyaga jabali la njia ya Lupanga huoni lava wala majivu. Unaona mwamba wenye mistari myeusi na myeupe, iliyopindapinda. Sehemu nyingine kuna marumaru, na upande wa Matombo wachimbaji wamekuwa wakipata rubi na spineli.

Kuinuka kwa mlima ni habari nyingine, ya baadaye sana. Ardhi ilipasuka, kipande kimoja kikapanda na jirani yake kikazama, na mvua ikafanya kazi ya kuchonga. Mwinuko ule wa kikatili kutoka mjini ndiyo kingo ya mpasuko huo. Uluguru ni moja ya safu 13 zinazoitwa Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya, zikapita Upare, Usambara, Nguru na Ukaguru, hadi Udzungwa na Mahenge. Kilele cha Kimhandu, kusini mwa Uluguru, chenye zaidi ya mita 2,600, ndicho kirefu kuliko vyote katika tao hilo. Umewahi kukisikia? Watu wengi wa Morogoro pia hawajakisikia, kwa sababu hakionekani kutoka mjini.

Je, wajua kwamba jiwe la Morogoro lilisaidia kuthibitisha kwamba atomu za elementi moja zinaweza kutofautiana uzito?

Hii ndiyo habari ya Uluguru ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayosimuliwa kidogo kuliko zote.

Enzi za Wajerumani watu walichimba ulanga milimani hapa, yale madini ya tabaka nyembamba zinazong'aa kama kioo, yaliyotafutwa kwa sababu hayapitishi umeme wala hayaungui. Ndani ya machimbo hayo yakatokea mawe meusi, mazito kupita kiasi kwa ukubwa wake. Yalikuwa na urani. Yalipelekwa Ujerumani, na mwaka 1906 mwanakemia Willy Marckwald akayaeleza kwenye maandishi yake. Juu ya mawe hayo kulikuwa na unga wa manjano, zao la urani iliyobadilika kwa kukaa kwenye hewa na maji. Madini hayo ya manjano yalikuwa mapya kwa sayansi. Marckwald akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mtafiti mkubwa wa mionzi wa wakati huo. Hadi leo, katika vitabu vya madini duniani, mahali pa asili ya rutherfordini panaandikwa: Morogoro, milima ya Uluguru.

Haikuishia hapo. Mwaka 1913 Frederick Soddy alitoa wazo lililowasumbua wanakemia wengi: kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti, ambazo kikemia hazitofautishiki. Aliziita isotopi. Wazo zuri, lakini nani ameziona? Njia moja ya kulijaribu ilikuwa risasi, ile metali. Ikiwa urani inapooza polepole hugeuka kuwa risasi, basi risasi iliyozaliwa ndani ya jiwe la urani inapaswa kuwa na uzito wake wa pekee, tofauti na risasi ya kawaida yenye uzito wa atomu 207.2.

Vienna, Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, mwanakemia mzaliwa wa Warsaw, wakaifanya kazi hiyo mnamo 1914 na 1915. Ni kazi ya mizani: kusafisha, kukausha, kupima, kusafisha tena, hadi tarakimu zikubaliane. Jiwe la urani la Bohemia liliwapa jibu zuri lakini lenye mchanganyiko, maana lilikuwa na risasi ya kawaida ndani yake. Walihitaji jiwe safi zaidi. Fuwele za Morogoro zilikuwa safi. Risasi iliyotoka humo ilipimwa ikawa karibu 206.05. Elementi ileile, tabia ileile ya kikemia, uzito tofauti. Soddy alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921. Horovitz, ambaye mikono yake ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi ile, aliacha kemia baadaye, na kwa kuwa alikuwa Myahudi aliuawa na Wanazi katika kambi ya Treblinka mwaka 1942.

Urani inayogeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika ni saa pia. Kwa kulinganisha kiasi cha hizo mbili ndani ya jiwe unapata umri wake, na mawe ya Morogoro yalikuwa miongoni mwa yale ya mwanzo kutumiwa kwa hesabu hizo. Kwa hiyo niliposema miaka milioni 600 hapo juu, sehemu ya namna tunavyojua ilitoka kwenye mlima huohuo. Usiende na nyundo lakini. Hapo ni hifadhi, na kuvunja mwamba ni kosa.

Je, wajua kwamba miti ya mgongoni mwa mlima huzeeka bila kurefuka?

Kilimanjaro msitu mnene unakwenda hadi karibu mita 3,000 kabla ya kuachia vichaka vya baridi. Uluguru, ukikaribia mita 2,000 tu kwenye mgongo wa mlima, miti tayari imekuwa mifupi, imepinda, imejaa mafundo, na kila tawi limevaa kuvumwani hadi huoni gome. Unatembea ukiinama ndani ya msitu ambao vilele vya miti yake vingine vinakaribia kichwa chako.

Sababu ni kwamba mlima mdogo ulio karibu na bahari hauwezi kujipasha joto kama mlima mkubwa. Mlima mkubwa ni pande kubwa la ardhi linalofyonza jua mchana na kulirudisha, na wingu lake hukaa juu zaidi. Uluguru ni mwembamba, upepo wa bahari unaupiga moja kwa moja, na wingu linaanza chini. Hivyo kanda zote za mimea zimebanwa: unaanza asubuhi kwenye miembe, saa sita mchana uko kwenye baridi ambayo kwingine ungeitafuta kwa siku mbili. Udongo wa mgongoni ni mwembamba na umelowa, jua halionekani siku nyingi, upepo haupumziki. Mti katika hali hiyo hautafuti urefu. Unatafuta kushika.

Kusini, juu kabisa, mgongo unafunguka na kuwa uwanda wa Lukwangule, kama mita 2,400 na zaidi. Hapo hakuna tena msitu wa kuinama. Kuna nyasi, vinamasi vyenye udongo mweusi unaobonyea, na ukungu unaokuja na kuondoka bila taarifa. Kuna aina ya nyasi iliyopewa jina la kisayansi la uwanda wenyewe, *Panicum lukwangulense*. Mtu aliyezoea kuiona Tanzania ya mbuyu na mgunga akitupwa pale usiku mmoja, akiamka asubuhi atauliza yuko nchi gani. Na ataamka mapema, kwa sababu ya baridi.

Je, wajua kwamba anayefungua bomba Kimara anafungulia Uluguru?

Mteremko wa mashariki, upande wa Kinole na Matombo, ndio unaopokea upepo wa bahari ukiwa bado umejaa maji. Huko mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu wa kweli. Mji wa Morogoro uko nyuma ya mlima na hupata chini ya nusu ya hiyo. Ukivuka mgongo kutoka mashariki kwenda magharibi unaona tofauti kwa macho: upande mmoja mdalasini, karafuu, pilipili manga na migomba inayodondosha maji, upande wa pili nyasi zilizokauka tangu Julai.

Msitu wa mgongoni hauisubiri mvua inyeshe. Ukungu ukipita, kuvumwani na majani huukamata, matone yakajikusanya na kudondoka, hata siku ambayo kipimo cha mvua cha mjini hakijalowa. Maji hayo ndiyo yanayoanzisha Ruvu na matawi yake, Mgeta ikiwemo. Mtambo wa Ruvu Juu umekuwa ukiyachukua tangu 1959 na wa Ruvu Chini tangu 1976, yakapelekwa Kibaha na Dar es Salaam. Yanayobaki yanaingia baharini karibu na Bagamoyo. Mto Morogoro na Ngerengere unaojaza Mindu nayo inatoka hapa hapa.

Waluguru walilijua jambo hili kabla ya mitambo. Kinole ndiko makao ya Kingalu, cheo cha urithi kilichoheshimiwa kwa kazi moja kubwa: mvua. Watu wa mbali, wakiwemo wa nyika kavu chini ya mlima, walipeleka maombi na zawadi kwake mvua ilipochelewa. Aliyeketi upande wa mlima unaonyesha karibu mwaka mzima alikuwa mahali pazuri pa kuombwa mvua, lakini hilo tusimwambie mtu.

Je, wajua kwamba kuna ndege ambaye dunia yake nzima ni Uluguru?

Ana kofia nyeusi, mgongo wa kijani, tumbo la njano. Anakaa juu sana kwenye miti, kwa hiyo husikika zaidi ya kuonekana, na wapo watu waliosafiri kutoka Ulaya, wakakaa msituni siku kadhaa, wakarudi na sauti yake tu. Wanasayansi wanamwita *Malaconotus alius*. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyezunguka Tanganyika akikusanya wanyama, ndiye aliyempatia sayansi miaka ya 1920. Loveridge mwenyewe amebaki mlimani kwa jina: kuna chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, anayeitwa kwa jina lake, naye hapatikani kwingine ila Uluguru. Ndege mwingine mdogo, mwenye kichwa cha rangi ya kutu, alitangazwa mwaka 1938 na Reginald Moreau wa kituo cha utafiti cha Amani, akampa jina la mke wake, Winifred. Zawadi za ndoa ziko za namna nyingi.

Kwa nini viumbe wa pekee ni wengi hivi? Nyakati za barafu duniani, misitu mingi ya Afrika ilikauka na kusinyaa. Tao la Mashariki halikukauka, kwa sababu Bahari ya Hindi iliendelea kuleta unyevu. Kila safu ikabaki kisiwa cha msitu juu ya nyika, na kilichoishi juu yake kikajibadilikia peke yake, bila kuonana na ndugu zake wa safu ya jirani.

Ajabu zaidi ya ndege ni vyura. Kitabu cha shule kinasema chura hutaga mayai majini, yakaanguliwa viluwiluwi. Kuna jamii ya vyura wadogo wa Tao la Mashariki, Uluguru ikiwa na aina zake, ambao hawajakisoma kitabu hicho: jike huhifadhi mayai tumboni na huzaa vyura wadogo kamili, tayari kuruka. Kwenye mteremko ambapo maji hayatulii kidimbwini, ni mpango wenye akili. Ndugu yao maarufu ni chura wa Kihansi, Udzungwa, aliyetangazwa kutoweka porini mwaka 2009 huku akitunzwa katika bustani za wanyama za Marekani, akarudishwa nchini 2010 na kuachiwa tena kwenye maporomoko yake 2012.

Chini ya udongo wa mashamba ya Uluguru kuna amfibia wasio na miguu, ambao mkulima akiwachimbua kwa jembe hudhani ni minyoo mikubwa. Jamaa yao wa Taita aliwashangaza watafiti mwaka 2006: watoto wake huanguliwa wakiwa na meno na hula ngozi ya mama, ambayo hujinenepesha kwa mafuta kwa ajili hiyo, kisha ikaota tena. Mama haumii. Ndivyo wanavyosema watafiti, mama hakuulizwa.

Kwenye miamba yenye kivuli tafuta pia ua dogo lenye majani ya manyoya. Ni ndugu wa yale maua ya vyungu yanayouzwa madukani Ulaya na Marekani kwa mamilioni, ambayo mbegu za ukoo wake zilichukuliwa upande wa Tanga mwaka 1892 na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Huku kwetu halina hata mnunuzi. Kuna pia minde, mnyama wa jamii ya paa, mweusi, wa usiku, anayepatikana Tanzania tu. Usitegemee kumwona. Ukiona kinyesi chake umebahatika.

Je, wajua kwamba Waluguru waligoma kuchimba matuta?

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliona udongo wa mteremko unashuka na mvua, wakaleta mpango wa kumlazimisha kila mtu achimbe matuta ya ngazi. Kwenye makaratasi ulikuwa mpango safi. Mlimani, udongo wenye rutuba ni ganda jembamba. Ukichimba ngazi unauzika na kuleta juu udongo mwekundu usiozaa. Tena ardhi ile ilikuwa ya koo, inayofuata upande wa mama, na amri ilikuja kana kwamba haina mwenyewe. Kazi ya bure, mavuno hakuna, faini juu yake. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa naye. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, iliondoka pale na wanachama wengi.

Lakini nenda Mgeta, upande wa magharibi, utayakuta matuta mazuri kabisa, yamejaa kabichi, karoti na njegere. Huko kulikuwa na mifereji ya maji na soko la mboga, hivyo kuchimba kulilipa. Maofisa walikuwa na sehemu zote mbili mbele ya macho yao.

Ukitaka kwenda mwenyewe

Msitu wote wa mgongoni, zaidi ya hekta 24,000, umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, baada ya kuunganishwa misitu ya Uluguru Kaskazini, Kusini na Bunduki. Kibali hutolewa na ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu mjini Morogoro. Chukua na mwongozaji. Njia za wakata kuni zinafanana na njia ya kilele, na ukungu ukishuka zote zinafanana zaidi. Asiye na nguvu za Lupanga aishie Morningside, nyumba ya Wajerumani iliyo juu ya mji, apate upepo na mandhari kwa nusu ya jasho.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Masika mizizi ya Lupanga inakuwa sabuni, na hata waongozaji huipanda kwa kulazimika. Anza saa kumi na mbili asubuhi, sio saa tatu baada ya chai na chapati. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini ndani ya msitu giza huingia mapema kuliko saa yako. Suruali uichomekee kwenye soksi. Siafu wa Uluguru hawana mgeni rasmi.

Kimhandu na Lukwangule hazipandwi kwa siku moja. Unachepuka Sangasanga, karibu na Mzumbe, ukapanda barabara ya Mgeta inayojikunja hadi Nyandira au Bunduki, ulale huko, kisha upande na hema, sweta mbili na mtu anayeujua uwanda. Kurudi mjini, mabasi ni machache na huondoka mapema. Ukilikosa, muulize dereva wa fuso la kabichi linalokwenda Kariakoo. Nafasi ya mbele huwa ina bei yake, na nafasi ya juu ya kabichi ina bei nyingine.